Nyumba za Wananchi Zisiishie Juba Mjini

Wapo wanaosema kuwa shida ya nyumba ni ya Juba mjini tu. Sisi wa Nesitu, eti, tuna udongo, miti na nyasi. Kila mtu ajijengee. Maneno hayo nayapinga.

Kwanza, Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, kifungu cha 34, inampa kila raia haki ya makazi yenye staha. Imesema raia, haikusema raia wa mjini.

Pili, miji midogo ikiachwa bila huduma, Juba ndiyo itakayofurika. Kijana akikosa kwao makazi yenye maji na shule karibu, huvuka daraja la Nile akajenga kibanda kwenye kiwanja kisicho chake. Mwaka 2009 vibanda vingi vya Juba vilibomolewa, na wenyewe wakasogea pembezoni. Tingatinga halipunguzi wahitaji wa nyumba, linawahamisha tu.

Zanzibar waliliona hili mapema. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Rais Abeid Amani Karume haikujenga maghorofa ya Michenzani peke yake. Ilijenga pia Makunduchi na Bambi, huko shamba, na Wete kule Pemba. Mtu anaweza kuyakosoa maghorofa yale, lakini hawezi kusema mtu wa shamba alisahauliwa.

Nitaulizwa: fedha ziko wapi? Kenya, kwa sheria yake ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024, hukata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Sisi tukiiga, tutamkata nani? Mtumishi wa serikali anayekaa miezi bila mshahara? Au mama anayeuza chai kando ya barabara ya Nimule?

Kwa hiyo tusianze na maghorofa. Tuanze na kiwanja kilichopimwa, njia, kisima, na hati yenye jina la mwenyewe, awe mwanamume au mjane. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 inaitambua ardhi ya jamii. Basi wazee wa Nesitu waitwe kabla ramani haijachorwa, wasiitwe baada ya viwanja kuuzwa. Mwenye hati atafyatua matofali yake: chumba kimoja mwaka huu, cha pili mwakani. Asiye na hati hajengi nyumba ya kudumu, maana hajui atafukuzwa lini.

Fedha kidogo iliyopo iwajengee wasioweza kujijengea: wazee wasio na watoto, walemavu, na wanaorudi kutoka kambi za Uganda wakakuta kwao pamekaliwa.

Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, tunapoandika juu ya makazi, tusihesabu maghorofa ya Juba. Tuhesabu watu wa Nesitu wenye hati mkononi.