Gigabaiti 8 hazitoshi tena

Mhariri,

Mwaka 2016 Nvidia ilitoa kadi ya michoro ya GTX 1070 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Mwaka 2025 ikatoa RTX 5060, nayo ina gigabaiti 8 zilezile! Gemu zimekua mno katika miaka hiyo. Kumbukumbu ikijaa, picha hukwamakwama, na ukuta uliochorwa tofali kwa tofali hugeuka ukungu mtupu, ilhali chipu yenyewe bado ina nguvu. Sisi tunaodunduliza tunaambiwa tushushe ubora wa picha.

Watengenezaji gemu nao huuza kwanza, marekebisho baadaye. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa mbovu hadi Sony ikaiondoa dukani kwake.

Naomba waandishi wenu wanaochambua kadi hizi wataje kumbukumbu kabla ya bei.

Mpenzi wa gemu,
Morogoro