Daftari la Wiki: Maji Yanayopotea Mlimani

Siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, Noah zinateremka kutoka Nkoaranga zimejaa ndizi, parachichi na akina mama, na ni nadra kuona mojawapo ikichemsha. Zinachemsha jioni, zikipanda. Muulize dereva, atakuambia asubuhi gari lilikuwa zima. Lilionekana zima kwa sababu lilikuwa linateremka: injini haina kazi kubwa na upepo unaingia kwenye rejeta bila kuombwa. Jioni gari lilelile linapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, upepo hakuna, kazi yote imebaki kwa feni na kwa maji yaliyomo. Yakiwa yamepungua lita moja, mlima ndio utakaosema.

Nalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu barabara hiyo ndiyo ya hospitali. Wagonjwa wengi wanaokwenda Hospitali ya Nkoaranga ya KKKT hawaendi kwa gari la wagonjwa. Wanapanda Noah hizihizi na bodaboda. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hapaswi kushushwa kando ya migomba asubiri injini ipoe, eti kwa sababu ya mpira wa maji ulioanza kupasuka wiki tatu nyuma na kila mtu akauona.

*

Kuna hesabu ambayo kila fundi wa ukanda wa Meru anapaswa kuijua. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Arusha mjini, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi kama 95. Themostati ya Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82, na injini yenye mzigo hukaa karibu na 90. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno, na anayeipanua ni mfuniko wa rejeta. Ule ulioandikwa 0.9 hushikilia presha mpaka kama kilopaskali 88 juu ya hewa ya nje. Chini ya presha hiyo maji ya hapa hayachemki mpaka yavuke nyuzi 110. Mpira wa mfuniko ukichakaa, au mfumo ukivuja mahali popote, presha haijengeki na maji yanarudi kuchemka kwenye 95. Ndiyo maana gari linaweza kuchemsha kabla maji hayajapungua sana. Watu hulaumu rejeta, wakati kosa ni la mfuniko wa bei ndogo kuliko vitu vyote vilivyo pale mbele.

Ndiyo maana pia mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyovuka nyuzi 100 yakiachiwa presha ghafla hugeuka mvuke palepale, usoni mwa aliyefungua. Hili nalisema kwa makondakta vijana hasa, wanaotumwa wakafungue.

*

Wiki hii nilikaa gereji moja ya Usa River nikimtazama fundi akitafuta mahali maji yanapotokea kwenye Noah ya injini ya 3S. Dereva alikuja na jibu mkononi: rejeta imetoboka, anataka ilehemewe aondoke.

“Kaka, tuiache ipoe kwanza,” fundi akamwambia. “Halafu gari lenyewe ndilo lituambie.”

Noah hii injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo dereva anaweza kumaliza mwaka bila kuiona. Fundi alinyanyua viti, akafuta kila kitu kwa kitambaa kikavu, akajaza maji, kisha mahali pa mfuniko akafunga pampu ya mkono yenye geji. Akapampu mpaka 0.9, hakuvuka hapo, maana ukizidisha utapasua kilichokuwa kizima. Tukasubiri. Mshale ukaanza kushuka taratibu. Rejeta kavu, mipira mikavu, vibano vikavu. Tone la kwanza lilitokea chini ya kava la taimingi belti.

Hapo alipachangamkia. Kwenye 3S pampu ya maji inazungushwa na taimingi belti, imejificha nyuma ya kava. Pampu ina tundu dogo lililowekwa makusudi na kiwanda: sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo kabla hayajafika kwenye beringi. Anayeliona tundu hilo akaliziba kwa gundi anamfunga mdomo mtoa habari. Maji yale yalikuwa yameshalowesha belti, na belti iliyolowa kulanti si ya kuaminiwa tena. Fundi akataja vitu vya kununua: pampu, gasketi yake, taimingi belti. Dereva akanung'unika kuhusu belti, kwamba bado haijakatika. Fundi akamjibu kwamba kazi ya kufungua ni ileile. Ikikatika mwezi ujao atalipa ufundi mara ya pili. Walielewana, na nilifurahi kuona hivyo, kwa kuwa madereva wengi hapo huondoka.

Maji yakipotea bila tone kuonekana chini, uchunguzi unabadilika. Zulia la mbele likiwa na unyevu na kioo kikiwa na ukungu wenye harufu tamu, hita ya ndani inavuja. Mipira ikikakamaa dakika chache baada ya kuwasha, mapovu yakipanda kwenye rejeta na moshi mweupe usikome, shaka ni gasketi ya silinda hedi. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Ipo pia dawa ya maji ya buluu inayopitishiwa hewa ya kwenye rejeta. Moshi wa injini ukiwa umeingia humo, hugeuka njano. Gereji yenye dawa hiyo inaokoa watu wasifunguliwe hedi bila sababu.

*

Dawa za mtaani ni nyingi: yai bichi, binzari, unga wa kuzibia. Zinaweza kukufikisha nyumbani, sikatai. Lakini kinachoziba tundu la rejeta huziba pia vijinjia vyembamba vya hita na vya rejeta yenyewe.

Linaloniudhi zaidi ni kung'oa themostati “ili gari lisichemshe”. Injini hukaa baridi, hunywa mafuta, na asubuhi za Juni na Julai za Meru haipati joto lake hata ufike Arusha. Na uvujaji uko palepale.

*

Wenye Land Rover za 300Tdi wana ugonjwa wao. Maji yanatiririka ubavuni mwa bloku, pampu inabadilishwa, yanaendelea kutiririka. Tazama nyuma ya kipande cha alumini kinachobeba pampu, panapokutana na bloku: kuna gasketi ndogo yenye umbo la herufi P. Hiyo ndiyo huvuja.

*

Maji gani yatiwe? Mkazi wa Meru ana sababu ya kuuliza. Maji ya chemchemi nyingi za mlima huu yana floridi nyingi, na meno ya kahawia ya wazee wetu ndiyo ushahidi. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, alipata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015 kwa chujio la kutibu maji ya namna hii. Floridi huyeyuka kwa wingi kwa kuwa maji haya ya volkano yana chokaa kidogo na magadi mengi, na magadi hayapatani na alumini, ambayo ndiyo rejeta na hedi za magari mengi. Kwa hiyo usichote mferejini. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora, na maji yaliyotoneshwa ni bora zaidi, yakichanganywa na kulanti. Hatuna barafu ya kuogopa barabarani. Kulanti tunaitaka kwa sababu inazuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Soma kidumu kama ni ya kuchanganya au imeshachanganywa.

Ya zamani imwagwe kwenye dumu lenye kifuniko, kamwe si mferejini. Glikoli ni tamu, mbwa huilamba, na huharibu figo, za mtoto pia.

Baada ya matengenezo toa hewa. Elekeza pua ya gari mlimani, weka hita kwenye moto, washa injini ikiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi, jaza taratibu mpaka mapovu yaishe na mpira wa chini upate moto. Funga. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia kiwango. Kikishuka kidogo, ni hewa iliyotoka, ongeza. Kikishuka tena keshokutwa, gari lirudi kwenye pampu ya presha.