Usivunje Kivuko Kabla ya Daraja

Nimechoka kuambiwa kwamba sisi wazee tunaogopa mambo mapya. Maneno hayo niliyasikia tena majuzi, katika mabishano juu ya kompyuta zinazotumia Linux, na aliyeyasema ni kijana niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe. Siku ile nilimjibu kwa ufupi, kwa sababu tulikuwa mbele za watu. Leo napenda kumjibu kwa urefu, maana kosa hilo si lake peke yake.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Linux haina mwenye mali mmoja. Ni kazi ya mikono mingi, na kila kipande kina wajibu wake. Kipo kipande kinachoamsha vingine vyote mashine inapowashwa. Kipo kingine kinachochora madirisha kwenye skrini na kupokea amri za kibodi na kipanya. Vipande hivyo viwili vimekuwa vikibadilishwa tangu miaka 15 hivi iliyopita, na mabadiliko hayo yamezua ugomvi mkubwa.

Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walileta systemd, ishike kazi ya kuamsha mashine. Utaratibu wa zamani uliita huduma moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayeita majina ya daftari. Systemd huziamsha nyingi kwa pamoja na kuzichunga zisilale. Fedora waliipokea mwaka 2011. Debian walivutana mno hata kura ya mwenyekiti wa kamati yao ikaamua mwezi wa Februari 2014, na baadhi ya waliokataa wakajitenga wakaanzisha Devuan.

Nakiri kwamba nilikuwa upande wa waliokataa, na nakiri pia kwamba nilikosea. Chuoni kwetu cha ualimu tulifundishwa kumwongoza mtoto kutoka lile analolijua hadi lile asilolijua. Systemd, pamoja na matusi yote iliyotukanwa, ilifanya hivyo hivyo: kwa miaka mingi iliendelea kusoma maandishi ya zamani ya kuamshia huduma, na aliyekuwa nayo hakulazimika kuyatupa usiku mmoja. Je, hilo ni neno la mtu anayeogopa mapya?

Sasa tuje kwenye skrini. Mfumo wa X ulizaliwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT kule Marekani, na toleo lake la 11 likatoka mwaka 1987. Umetumika kwa umri wa mtu mzima. Lakini una kasoro ambayo hakuna awezaye kuitetea: programu yoyote iliyofunguliwa inaweza kusikiliza vitufe unavyobonyeza katika programu nyingine. Ni kama chumba cha mtihani ambamo kila mtahiniwa anachungulia karatasi ya mwenzake. Wayland, aliyoianza Kristian Høgsberg mwaka 2008, imeweka kuta kati ya madawati. Programu moja haioni tena ya jirani. Jambo hilo ni jema, na nalipongeza.

Hata hivyo, mtu yeyote aliyesimamia mitihani anajua kwamba mtahiniwa kipofu ana haki ya msaidizi wa kumsomea maswali. Msimamizi anayemtoa nje msaidizi huyo kwa hoja ya kuzuia wizi hajalinda mtihani. Amemnyima mtoto mtihani.

Ninaye rafiki, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye haoni. Anaandika kwa msaada wa Orca, programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, na amri zake huzitoa kwa kushikilia kitufe cha Caps Lock. Mwaka 2022 fundi mmoja alimwekea toleo jipya la mfumo wake, akaondoka. Rafiki yangu akabonyeza, asisikie kitu. Alinipigia simu akasema, "Mwalimu, nyumba ni yangu, lakini nimefungiwa nje." Nilikwenda. Tuliokolewa na jambo moja tu: pale pa kuingilia, X ilikuwa bado imo katika orodha. Tukaichagua, na sauti ikarudi.

Tazama sasa mfuatano wa miaka. Fedora walifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza katika GNOME mwezi wa Novemba 2016. Amri za Orca kwa kitufe cha Caps Lock zilikuja kutengenezwa ndani ya Wayland katika GNOME 48, Machi 2025. Hiyo ni zaidi ya miaka 8. Kisha Septemba mwaka huo huo, GNOME 49 ikatoka na kikao cha X kikiwa kimezimwa, na Oktoba, Ubuntu 25.10 ikatoka bila kikao hicho. Waonao walipewa miaka mingi ya kuzoea. Asiyeona alipewa miezi 6. Nitaambiwa kwamba programu za zamani bado zinafunguka kupitia Xwayland. Ni kweli, lakini msaidizi wa kipofu hana haja ya kufungukiwa dirisha moja tu. Kazi yake ni kusikia vitufe popote pale mwenyewe alipo.

Sisi wa Kenya tunaujua mwendo huu. Mwaka 1985 tulipokea mfumo wa 8-4-4, uliodai watoto wafundishwe kazi za mikono. Shabaha ilikuwa nzuri. Lakini amri ilitangulia, na karakana zikaja nyuma, nyingine kwa michango ya wazazi. Nilifundisha useremala kwa kuchora randa ubaoni. Waliolipia haraka ile ni watoto wa shule maskini.

Jibu ninalopewa kila mara ni hili: kazi hii inafanywa bure, basi huna haki ya kudai. Kwanza, si wote wafanyao bure, maana wengi huajiriwa na makampuni makubwa. Pili, hata yule anayejitolea kikweli, akishakubali kushika darasa, hawezi kuliacha mwezi wa Mei akasema hakulipwa. Watoto wamekwisha kumtegemea.

Kwa hiyo simwombi mtu ailinde X milele. Waliobaki kuitunza ni wachache na wamechoka, nayo ina haki ya kupumzika. Ninalotaka ni utaratibu uliogeuzwa: yule mwenye shida kubwa kuliko wote ajaribiwe mwanzo, naye atakapovuka salama ndipo kivuko kivunjwe. Anayeweza kuruka mto hahitaji kuulizwa kama daraja liko tayari.

Na wewe kijana wangu, nilipokufundisha kusoma, sikufunga kitabu mara tu mwerevu wa darasa alipofika ukurasa wa mwisho. Nilikungoja. Wa mwisho kufika ulikuwa wewe.