FURUKOMBE WA USKOTI NA MKWAJU WA MSIKITINI KWETU

Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita niliweka hapa picha ya kiota kikubwa juu ya msonobari, kando ya ziwa, huko Uskoti nilikokwenda kumtembelea binti yangu na mumewe. Wengi mliandika maashaAllah, na Allah awalipe. Lakini wawili mlinipinga, na ninyi ndio ninaotaka kuwajibu leo, kwa sababu hoja zenu zina uzito.

Ndugu wa kwanza alisema: kukaa saa mbili kumwangalia ndege ni laghwi, na muumini hujiepusha na laghwi. Wa pili alisema: Sheikh, umma unavuja damu, watoto wanakufa kwa njaa, nawe unatuletea habari za ndege wa wazungu. Nitawajibu nyote wawili. Kisha nitakiri jambo langu ambalo siku ile sikuliandika kwa kuona haya.

Nianze na nilichokiona. Mahali penyewe panaitwa Loch of the Lowes, karibu na mji mdogo wa Dunkeld. Ulikuwa mwezi wa sita, wakati ambao huko Maghribi huingia karibu saa nne za usiku na usubi wa huko hukung'ata mpaka ukaisahau mbu wa kwetu. Kando ya ziwa pana kibanda cha mbao chenye madirisha. Watu wamekaa humo kimya, wazee kwa watoto, kama waliokaa kusubiri khutba. Nje ya dirisha kindi wekundu wanakula karanga. Binti yangu akaniambia kwamba jioni ukibahatika utamwona biva, mnyama wa majini anayeangusha miti kwa meno yake. Aliwindwa mpaka akaisha nchini humo karne nyingi zilizopita, na sasa amerudishwa.

Watu hawa wanamwangalia nani? Furukombe, ndege mla samaki ambaye Waingereza humwita osprey. Mwili wake una uzito wa kilo moja na nusu hivi, lakini akikunjua mbawa zinapita mita moja na nusu. Mama amesimama kiotani na makinda yake, akiwakinga na upepo. Baba hayupo, amekwenda kutafuta. Tulisubiri zaidi ya saa nzima. Kisha akatokea juu ya maji, akasimama hewani akipiga mbawa, akajitupa miguu mbele. Maji yakaruka. Akainuka na samaki, akajikung'uta kama mtu aliyetoka kuoga, akamgeuza samaki kichwa kikatangulia ili upepo usimzuie, akampeleka nyumbani.

Ndugu yangu wa kwanza, hebu mtazame ndege huyu alivyoumbwa. Kidole chake cha nje kinageuka nyuma, ili amshike samaki kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma. Nyayo zake zina miba midogo kama tupa, ili samaki mwenye utelezi asimponyoke. Pua zake hujifunga anapoingia majini. Nani alimfundisha kwamba samaki anateleza? Sisi tunasoma Suratul Mulk kila usiku, na ndani yake tunaelekezwa tuwatazame ndege walio juu yetu, jinsi wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, na tumjue ni nani anayewashikilia wasianguke. Tumeagizwa kutazama. Sasa mtu akitekeleza alichoagizwa, akakaa saa mbili, moyo wake ukasema subhanallah, ulimi wake ukanyamaza na kusengenya, jicho lake likatulia na haramu, hiyo ndiyo laghwi? Laghwi ni zile saa mbili tunazozimaliza na simu mkononi tukitazama watu wanagombana.

Nami nakukubalia upande mmoja. Mtu akienda kutazama ndege mpaka Adhuhuri ikampita, huyo amepotea. Sisi tulitandika mswala kwenye majani nyuma ya kibanda, tukaswali, na hakuna aliyetubughudhi.

Sasa nikueleze ndege huyu amepitia nini. Zamani furukombe walikuwa wengi Uskoti. Watu wakawapiga risasi kwa sababu wanakula samaki wa matajiri. Wengine wakawaua ili wakaushwe na kuwekwa sebuleni kama mapambo. Wengine wakaiba mayai yao kuyapanga kwenye masanduku, maana kukusanya mayai kulikuwa fahari ya watu waliosoma. Kadiri walivyopungua, yai lao likazidi kuthaminiwa, na wezi wakazidi kuwatafuta. Mwaka unaotajwa kuwa wa mwisho wao kuzaa huko ni 1916. Baada ya hapo viota vikabaki vitupu.

Mwaka 1954 jozi moja ikarudi yenyewe, ikajenga karibu na ziwa la Loch Garten. Unadhani watu walikuwa wametubu wote? Mwaka 1958, pamoja na kuwepo walinzi, mwizi alipanda mti usiku akachukua mayai. Kiotani yakakutwa mayai ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu yafanane na ya furukombe. Fikiri mtu anayemdanganya mama ndege namna hiyo!

Mwaka uliofuata waliokuwa wakilinda, wakiongozwa na bwana mmoja aitwaye George Waterston, walifanya jambo la busara. Badala ya kuificha siri, waliwafungulia watu wote mlango waje waone kwa mbali, huku kiota kinalindwa usiku na mchana. Watu wakaja kwa maelfu. Makinda yakaruka salama. Tangu hapo kijiji kizima kikawa mlinzi, maana mtu hulinda anachokijua na kukipenda. Leo Uskoti ina jozi zaidi ya 200, na sheria ya mwaka 1981 inamtia hatiani mtu anayemsumbua ndege huyu kiotani kwa makusudi.

Siwasifu watu wale kupita kiasi. Ndio waliowamaliza, na mpaka leo wapo wanaowatega na kuwapiga risasi tai na vipanga katika nyanda za huko. Ninachokisema ni kwamba mtu anaweza kuharibu, akajuta, akarudi kulinda. Hiyo kwetu ina jina, nayo ni toba.

Ndugu yangu wa pili, ulisema huyu ni ndege wa wazungu. Sikiliza. Mwezi wa nane mama huondoka wa kwanza. Kisha makinda, kila mmoja peke yake bila mzazi wa kumwonesha njia, huelekea kusini. Hupita nchi na bahari na jangwa la Sahara, takriban kilomita 5,000, na wengi wao huishia Senegal, Gambia na nchi jirani. Huko hukaa kwenye mikoko, wakivua maji yale yale wanayovua wavuvi Waislamu, wanasikia adhana mara tano kwa siku. Kinda hukaa Afrika miaka miwili au zaidi kabla ya kurudi alikozaliwa. Basi huyu ni ndege wa nani? Watu wa Dunkeld wakimlinda kisha mtu wa pwani ya Senegal akamnasa kwa wavu, kazi imepotea. Amana hii imegawanywa mikononi mwa watu wasiojuana. Hata kwetu Afrika Mashariki furukombe huja kutoka kaskazini, huonekana pwani na maziwani miezi ya baridi ya Ulaya.

Ama kuhusu umma unaovuja damu, umesema kweli, na sitakujibu kwa maneno mepesi. Mtu akimlilia ndege na akamfungia mlango jirani mwenye njaa, machozi yake ni ya uongo. Lakini niambie, huruma ni kibaba cha mchele, kwamba ukimpimia ndege kitapungua cha yatima? Tumesoma habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na umma mzima wa kuushughulikia, ana vita, ana njaa, ana mayatima. Na katika safari moja masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja anapapatika. Mtume alipomwona, aliuliza ni nani aliyemuumiza mama huyu kwa watoto wake, akaamuru yarudishwe. Hakusema tuna mambo makubwa zaidi.

Na zingatia: furukombe ana kucha za kuwindia, kwa hiyo kwetu nyama yake haliwi. Hana faida ya chungu. Anayemlinda hamlindi kwa tumbo.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Tulipokuwa kibandani, binti yangu aliniinamia sikioni akasema, "Baba, unaukumbuka mkwaju wa msikitini?"

Nilinyamaza. Naukumbuka.

Miaka ishirini na zaidi iliyopita, katika ua wa msikiti wetu palikuwa na mkwaju mkubwa. Watoto wa madrasa walisomea chini yake. Kila masika yangeyange walikuja kuzaa humo, mti mzima ukawa mweupe. Ni kweli walichafua. Kinyesi kilianguka njiani, penye birika la udhu, wakati mwingine kwenye kanzu ya mtu. Waumini wakalalamika. Kamati tukakaa, nikaulizwa hukumu. Nikasema kinyesi ni najisi, mti ukatwe.

Nilichosema kilikuwa nusu ya mas-ala. Katika madhehebu yetu ya Shafi kinyesi cha ndege ni najisi, ndiyo. Lakini wanazuoni hao hao wamesema kikizidi msikitini na ikawa shida kukiepuka, kinasamehewa, maadamu mtu hakikanyagi kwa makusudi na hapana umajimaji. Nusu hiyo nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeisomesha. Siku ile sikuisema, kwa sababu kusema ukatwe kulikuwa kwepesi, na watu walikuwa wamekasirika, nami nilitaka waridhike nami.

Mti ulikatwa siku ya Jumamosi. Viota vilikuwa na makinda. Yalianguka chini, mengine hai, hayajaota manyoya. Mama zao walizunguka juu ya ua mpaka jioni. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Aliokota makinda matatu akayatia kwenye kikapu cha misahafu, akaniletea analia. Nikamwambia, "Mwanangu, hao ni ndege tu." Asubuhi yalikuwa yamekufa. Na kesho yake, wallahi, niliwasomesha watoto hadithi ile ya ndege na makinda yake.

Yai la yangeyange tangu kutagwa mpaka kinda kuruka ni karibu miezi miwili tu. Tungesubiri miezi miwili. Tungetandika turubai juu ya njia. Tungewapa vijana zamu ya kumwaga maji na kufagia. Wale wazee wa Uskoti wanakesha na baridi kwa ajili ya kiota kimoja. Sisi tulishindwa kufagia.

Nilimwomba binti yangu msamaha pale pale kibandani. Alisema alishanisamehe zamani, lakini hajasahau. Na makinda yale sijui nitayaomba wapi msamaha. Katika Suratul An'aam tumefundishwa kwamba ndege ni umma mfano wetu, na kwamba wote watakusanywa kwa Mola wao.

Kwa hiyo ndugu zangu, nawaomba mambo matatu.

La kwanza, kamati za misikiti. Kama mti una hatari, ukuta unapasuka, tawi litaangukia watu, kateni, maisha ya binadamu yanatangulia. Lakini tazameni kwanza juu. Kama kuna makinda, na hatari si ya leo, subirini yaruke.

La pili, walimu wa madrasa. Mtoto akija na manati shingoni, usimchape tu na kumnyang'anya. Mchukue yeye na wenzake siku moja, mkae kimya mbali na kiota, muhesabu baba na mama wanakuja na chakula mara ngapi. Mtoto aliyehesabu safari zile, mkono wake utakuwa mzito kuvuta manati.

La tatu, maimamu wenzangu. Tukiulizwa hukumu, tuiseme nzima. Waumini wakiwa na hasira ndipo nusu tunayoiacha inapohitajika zaidi.

Niliporudi nyumbani niliwakusanya waumini baada ya Ijumaa nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Wengine waliinamisha vichwa, mmoja alicheka. Tumepanda mche wa mkwaju pale pale kwenye kisiki. Umefika magotini. Mkwaju hauna haraka, huenda nisiuone ukibeba kiota. Furukombe walikaa karibu miaka 40 ndipo wakarudi kuzaa Uskoti, na hakuna aliyewaahidi watu wale kwamba watarudi. Kazi yetu ni kumwagilia.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyafanya kwa ujinga, na zaidi tuliyoyafanya hali tunajua. Tujaalie huruma kwa wanyonge wote, wenye ndimi na wasio na ndimi. Wape faraja ndugu zetu wenye njaa na dhiki popote walipo. Aamin.

Ukiona lina faida, mfikishie mwenzako, hasa aliye kwenye kamati ya msikiti.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.