Jiwe letu la kijani, jina la kwa jirani

Sisi watu wa Mwanza tunajua maana ya kupewa jina na mpita njia. Mwaka 1858 John Speke alifika ufukweni kwetu, akatazama maji ambayo wazee wetu walikuwa wakivua samaki siku zote, akayapa jina la malkia wake. Mpaka leo tunaandika Ziwa Victoria. Basi kuna jiwe nalo limepatwa na kisa kama hicho.

Mjini hapa ukitaja zumaridi, watu wanamkumbuka yule mhubiri anayejiita Mfalme Zumaridi. Ukiwaonyesha jiwe lolote la kijani, wanakwambia hiyo ni zumaridi. Siyo jamani! Zumaridi mara nyingi ina nyufa, hutiwa mafuta ili zisionekane. Sisi tuna ganeti ya kijani, inang'aa kuliko zumaridi na haihitaji mafuta. Ila sifa za kale zote zilikwenda kwa zumaridi. Warumi waliamini inapumzisha macho.

Ganeti hii Campbell Bridges aliikuta Simanjiro mwaka 1967. Serikali yetu haikuruhusu isafirishwe nje. Akavuka mpaka, akaikuta tena Taita, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inasimuliwa kwamba huko alimfuga chatu amlindie mawe. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikaiita tsavoraiti, kutokana na Hifadhi ya Tsavo. Ni Tiffany haohao waliotangaza jina la tanzanaiti mwaka 1968!

Sina ugomvi na Wakenya. Wao walifungua mlango, sisi tukafunga. Ugomvi wangu ni na wanaosema jina si kitu. Hivi kwa nini zumaridi ya Colombia na rubi ya Burma zina bei ya peke yake? Mnunuzi analipia na kule zilikotoka. Mwaka 2023 makumbusho ya Smithsonian, Washington, yalipokea tsavoraiti ya karati 116.76 iliyochimbwa Manyara, inaitwa Simba wa Merelani. Wangapi kati yetu tulisikia?

Tsavoraiti haitabadilishwa jina, tusijidanganye. Lakini wauzaji wa vito na waandishi wenzangu, kila mnapoitaja semeni imetoka Merelani, Simanjiro au Ruangwa. Iandikwe kwenye risiti, kwenye cheti, kwenye habari. Speke hakumwuliza mtu hapa ufukweni. Leo tunaulizwa kila siku na wanunuzi, na tunajibu "zumaridi".