Programu za Zamani za Kuchora Herufi: Zitengenezwe au Ziachwe?

Muhula huu chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja isemayo kwamba watengenezaji wa programu huria wasipoteze tena nguvu zao kwa msimbo wa zamani wa kuchora herufi. Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura. Mimi nilikuwa upande wa pili, na kwa kuwa dakika za kusema zilikuwa chache, namwomba Mhariri aniruhusu nieleze sababu zangu hapa, ili walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu wazipime wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kompyuta haijui herufi. Yajua namba tu. Herufi A kubwa kwake ni 65. Lazima iwepo programu ya kutafuta umbo la A katika fonti, kulipima ukubwa, na kuligeuza kuwa vitone vidogo vidogo juu ya skrini au karatasi. Programu mashuhuri ya kazi hiyo yaitwa FreeType. Ilianzishwa na David Turner mwaka 1996, na msimbo wake u wazi kwa kila mtu kuusoma na kuutengeneza. Mwenzake aitwaye HarfBuzz ndiye apangaye herufi na alama zake mahali pake. Jina hilo latokana na Kiajemi, na "harf" ndilo neno la Kiarabu lililotupa sisi "herufi".

Wenzetu walisema msimbo huo umezeeka, una viraka juu ya viraka, na wanaoujua vema ni wachache. Walitaja pia kwamba mwaka 2025 Google ilitangaza kuwa Chrome imeanza kutumia Skrifa, programu mpya iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, mahali pa FreeType kwa fonti za kurasa za intaneti. Hayo ni kweli, wala sikusudii kuyakana. Walakini hayatoshi.

Sababu yangu ya kwanza ni usalama. Fonti yaweza kuingia katika simu pamoja na ukurasa wa intaneti, mwenye simu asijue. Oktoba 2020 ilionekana kasoro katika FreeType, pale inaposoma picha za PNG zilizomo ndani ya fonti, na wahalifu walikuwa wamekwisha kuitumia kuwashambulia watu wanaotumia Chrome. Matengenezo yalitolewa mwezi ule ule. Machi 2025 ikatangazwa kasoro nyingine, iliyomo katika toleo la 2.13.0 na yaliyolitangulia. Aliyekuwa na toleo la baadaye alikuwa salama. Aliyebaki na la zamani alikuwa hatarini. Ni nini basi kilichowaokoa hao wa kwanza, kama si kazi ya watu wasiochoka kutengeneza kitu cha kale? Wazazi wetu wengi, wakulima wa pamba na wachimbaji wadogo, huweka na kutuma fedha kwa simu. Simu ndiyo benki yao. Mlango wa benki hauachwi bila fundi ati kwa sababu umezeeka.

Sababu ya pili ni lugha zetu. Kiswahili kina irabu tano, na herufi za Kiingereza zatosha kukiandika. Kisukuma kina irabu saba, na katika maandishi yake mbili kati ya hizo huandikwa ĩ na ũ. Tulipokusanya methali kwa wazee wa Shinyanga na Geita, tuliziandika kwa uangalifu. Lakini katika kompyuta moja kuukuu zile herufi mbili zilitoka kama visanduku vitupu, na katika nyingine kile kiwimbi kilisogea kikaenda kukaa pembeni. Mtu aweza kusema, andika i na u za kawaida, msomaji ataelewa. Sivyo. Neno la Kisukuma likipewa irabu isiyo yake laweza kuwa neno jingine, na methali ya mzee ikapotea mikononi mwetu sisi tuliotumwa kuihifadhi.

Kisukuma kina toni pia. Anayetaka kuweka alama ya toni juu ya ĩ hapati namba moja ya herufi hiyo nzima. Lazima aiunge kwa vipande: i, kiwimbi, kisha mkwaju wa toni. Programu nayo yapasa kuondoa nukta ya i na kuzipanga alama hizo moja juu ya nyingine. Kazi kama hiyo haikamiliki siku moja. Hukamilika kwa sababu msemaji wa lugha fulani aliona kosa, akalieleza, na fundi akalirekebisha. Marekebisho hayo madogo ya miaka mingi ndiyo wenzetu waliyoyaita viraka.

Tena kitu kikuukuu chaweza kungoja siku yake. FreeType ilikuwa na sehemu ya kusoma maagizo yaliyomo ndani ya fonti za TrueType, lakini kwa ajili ya hataza za Apple ilikuwa imefungwa kwa kawaida. Hataza hizo zilikwisha muda mwaka 2010, na mwaka ule ule sehemu hiyo ikafunguliwa kwa wote. Kama ingalikuwa imetupwa, ingalibidi kuanza upya.

Sisemi kwamba kila kitu cha zamani kipambwe. Mwaka 2017 LibreOffice 5.3 iliacha mitambo yake mbalimbali ya kupanga maandishi ikahamia HarfBuzz, na ilifanya vema. Hata waliounda Skrifa walilinganisha herufi zake na zile za FreeType kabla ya kubadili. Wachimbaji wa Geita wanajua jambo hili. Duara jipya laweza kuwa zuri, lakini maadamu watu wangali wakishuka katika duara la zamani, matimba yaliyooza hubadilishwa. Hayang'olewi na kuachwa hivi hivi. Nguvu za kuongeza mambo mapya na ziende kwenye programu mpya. Lakini makosa ya usalama na makosa ya herufi za lugha ndogo yatengenezwe katika ile ya zamani, mpaka mpya iweze kubeba yote iliyobeba ya kale.

Wala tusidhani hii ni kazi ya wageni peke yao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Nao SIL, walipounda fonti ya kuwafaa wanaojifunza kusoma, waliipa jina la Kiswahili: Andika. Jina hilo laonekana kama agizo kwetu. Naomba chama chetu cha kompyuta kijaribu ĩ na ũ katika kila kompyuta ya shule, kiandike makosa yote, na kuwapelekea watengenezaji kwa maelezo safi. Wao hawawezi kutengeneza wasiloambiwa.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano