Joto Lililo Chini ya Theluji

Familia nyingi huanzia hapa Cedar-Riverside kwenye maghorofa, kisha hutafuta nyumba yao. Huko baadhi hukutana na tangazo: "Nyumba hii ina jotoardhi." Mwanafunzi kutoka Kenya atafikiria Olkaria, ambako mvuke wa moto kutoka chini sana huzungusha mitambo ya umeme. Hii ni kazi nyingine.

Gusa ubavu au mgongo wa friji yako: pana joto. Limetolewa kwenye chakula ndani. Pampu ya joto hufanya vivyo hivyo kwa nyumba. Minneapolis ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, udongo ulio mita kumi chini hubaki karibu nyuzi 10. Mabomba ya plastiki hufukiwa humo, na maji yenye dawa ya kuzuia kuganda huzunguka yakibeba joto. Mashine ndani hulikusanya na kulipandisha. Kiangazi kazi hugeuka: joto la vyumbani hurudishwa ardhini. Kwa kuwa joto linahamishwa tu, uniti moja ya umeme huweza kuleta uniti tatu au nne za joto.

Bei ndiyo mtihani. Kuchimba na kufunga mara nyingi hupita dola 20,000. Punguzo la kodi la serikali kuu la asilimia 30, kwa mwenye nyumba anayejinunulia mtambo, lilikoma mwisho wa 2025. Muuzaji akisema bado lipo, mwombe maandishi kabla ya kutia sahihi. Kama mtambo tayari upo, uliza umri wake: mabomba hudumu miaka 50 hivi, mashine ya ndani kama 25.

Mimi nesi napenda jambo moja zaidi: mtambo huu hauchomi kitu, hivyo hautoi kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Hata hivyo weka king'ora chake, maana jiko la gesi na gari vinaweza kuitoa.

Na wewe mpangaji, usipashe nyumba kwa oveni ya gesi. Bili ikikulemea, piga simu mapema. Sheria ya Minnesota, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, hulinda kaya zilizokubaliana na kampuni mpango wa malipo, na kuutimiza, zisikatiwe joto.